Mkojo Unapovuja Mazoezini Baada ya Kujifungua: Mwongozo Kamili

Miezi minne imepita tangu ujifungue. Mtoto ameanza kulala usiku, nawe umeamua kuurudishia mwili nguvu zake. Unaruka kamba mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Ya kumi na moja unahisi unyevu. Unasimama, unabana mapaja, unatazama huku na huku kama kuna aliyegundua. Kesho yake huendi tena mazoezini.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya hiyo kesho yake. Nimewaona mama wengi wakiishia hapo, wakiona haya hata kumwambia mkunga, na inaniuma kwa sababu tatizo hili mara nyingi linatengenezeka bila dawa wala kisu. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua, takriban mama mmoja kati ya watatu hutokwa na mkojo bila kukusudia. Hauko peke yako, ila wingi wenu usikufanye ukubali kuishi na hali hiyo.

## Kinachotokea ndani

Chini kabisa ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Ndiyo inayobeba kibofu, mji wa mimba na mwisho wa utumbo mpana, na ndiyo inayosaidia kuubana mrija wa mkojo. Mimba huilemea kwa miezi mingi. Mtoto anapopita, sehemu ya katikati ya misuli hiyo huvutika hadi karibu mara tatu ya urefu wake wa kawaida, na mishipa ya fahamu inayoiamuru huvutika pia. Aliyejifungua kwa upasuaji hakupitia mvutano huo, lakini mzigo wa mimba aliubeba. Kwa hiyo naye huweza kuvuja, ingawa uwezekano wake ni mdogo zaidi.

Sasa weka mbio juu yake. Kila mguu unapotua ukikimbia, mwili hupokea kishindo cha kati ya mara 1.6 na 2.5 ya uzito wako. Tumbo linakisukuma kibofu chini, na misuli ikichelewa kukaza au ikizidiwa, tone linatoka.

Hata misuli ambayo haijawahi kuzaa huzidiwa. Utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2002 uliwahoji wasichana 35 wanaoshindana kwenye trampolini, umri wao wa wastani ukiwa miaka 15, wote hawajazaa. Kati yao 28 walisema huvuja mkojo wakiruka. Ndiyo maana nakuomba ulitazame lile tone kama kipimo. Linakuonyesha mahali hasa ambapo mzigo umepita uwezo wa misuli kwa leo. Kazi yote inayofuata ni kushusha mzigo chini ya hapo, kuijenga misuli, kisha kuupandisha mzigo tena kidogo kidogo.

## Kabla ya zoezi lolote: je, ni tatizo hili kweli?

Kuna hali ambazo mazoezi hayatazitibu na kuchelewa kunadhuru.

Mkojo ukitoka mfululizo, usiku na mchana, hata ukiwa umelala tuli, hasa kama uchungu wako ulikuwa mrefu na mgumu, inawezekana ni fistula: tundu kati ya kibofu na uke. Nenda hospitali mapema. Fistula hutibiwa kwa upasuaji, na ndogo iliyowahiwa wakati mwingine hupona kwa kuwekewa tu mpira wa mkojo kwa muda. Usikubali kuambiwa kwamba ndivyo uzazi ulivyo.

Muone mhudumu wa afya haraka pia ukiwa na homa, ukisikia kuungua ukikojoa, ukiona damu kwenye mkojo au ukishindwa kuzuia haja kubwa. Ukishindwa kabisa kukojoa, au ukipata ganzi sehemu za siri pamoja na miguu kuishiwa nguvu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Ukihisi uzito ukeni, au kama kitu kinataka kutoka, huenda viungo vya nyonga vimeshuka: ruka kamba baadaye, pimwa kwanza.

Na kama wiki sita hazijatimia, kutembea na kukaza misuli polepole kunatosha. Kukaza kunaweza kuanza siku chache tu baada ya kujifungua, mradi hakukuongezei maumivu. Kama bado una mpira wa mkojo, subiri utolewe na uweze kukojoa vizuri mwenyewe.

## Hatua ya kwanza: jua unavuja lini

Kwa siku tatu andika saa uliyokunywa na kiasi, saa uliyokojoa, na kila ulipovuja ulikuwa unafanya nini. Ukivuja unapokohoa, unapopiga chafya, unapoinua mtoto au unaporuka, hilo ni la msukumo. Ukivuja kwa sababu haja imekubana ghafla na choo kiko mbali, hilo ni la kibofu kujikaza kabla ya wakati. Wengine wana yote mawili. Mwongozo huu unahusu zaidi lile la kwanza, ingawa kukaza misuli husaidia pia kutuliza haja ya ghafla.

Kwenye mazoezi kuwa mahususi zaidi. Usiandike "nilivuja nikiruka." Andika "nilivuja mruko wa ishirini," au "dakika ya kumi na mbili ya mbio, kwenye mteremko." Namba hiyo tutaihitaji.

## Hatua ya pili: ipate misuli yenyewe

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nenda taratibu. Mwaka 1991 daktari Richard Bump na wenzake waliwapima wanawake 47 waliokuwa wamepewa maelekezo ya mdomo tu. Karibu nusu ndio waliokaza ipasavyo, na robo walikuwa wakisukuma kwa namna ambayo ingeweza kuongeza kuvuja. Mtu anaweza kujitahidi miezi sita akifanya kinyume.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae sakafuni. Vuta pumzi, tumbo lipande. Unapoitoa, bana njia ya haja kubwa kama anayezuia ushuzi mbele za watu, kisha endeleza kubana huko kuja mbele kama anayezuia mkojo, halafu vuta vyote viwili juu kuelekea ndani ya tumbo. Ni kubana na kuinua kwa pamoja. Kisha achia kabisa, usikie misuli ikishuka.

Hakikisha kwa kioo cha mkononi. Ukikaza sawasawa, msamba, yaani eneo kati ya uke na njia ya haja kubwa, huingia ndani, na kisimi huinama kidogo. Msamba ukitokeza nje, unasukuma. Acha, pumzika, anza upya kwa nguvu ndogo zaidi. Ukiwa umepita wiki sita na vidonda vimepona, unaweza kuingiza kidole safi ukeni: utahisi kikizungukwa na kuvutwa juu. Kama huhisi chochote usikate tamaa. Mishipa ya fahamu iliyovutika huchukua miezi kurudia hali yake, na kwa wengine hisia hurudi kabla ya nguvu.

Matako yasikaze, mapaja yasibanane, pumzi isizuiwe. Ukiweza kuhesabu kwa sauti huku umekaza, unapumua.

Na usijifunze kwa kukatiza mkojo chooni. Kujaribu mara moja ili kuitambua misuli hakuna ubaya, lakini kukifanya kuwa zoezi kunakivuruga kibofu na kunaweza kuacha mkojo ndani.

### Wewe ambaye misuli yako imekaza mno

Kuna mama ambaye tatizo lake si ulegevu. Tendo la ndoa linamuuma, mkojo unachelewa kuanza kutoka, choo kigumu, na kila akikaza hali inazidi. Misuli isiyoweza kuachia haina pa kukazia tena mruko unapokuja. Huyu aanze na kulegeza: alale chali magoti yakiwa kifuani, avute pumzi ndefu hadi aihisi imefika chini kwenye nyonga, na airuhusu misuli ifunguke. Dakika tano, mara mbili kwa siku. Na amtafute mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia nyonga za wanawake kabla ya kuendelea na hatua inayofuata.

## Hatua ya tatu: ijenge nguvu

Mazoezi haya hujulikana kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaandikia mwaka 1948. Miongozo ya kitabibu ya Uingereza inapendekeza angalau kukaza mara 8, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu izingatie. Wiki ya tatu ndipo wengi huacha wakisema hayafanyi kazi, wakati msuli wowote ule, hata wa mkono, huhitaji zaidi ya wiki tatu kujengeka.

Anzia ulipo. Ukiweza kushikilia sekunde tatu tu, shikilia tatu, pumzika sekunde tatu au zaidi, rudia mara nane. Kila wiki ongeza sekunde moja hadi ufike kumi. Baada ya hayo ya kushikilia, fanya kumi ya haraka: kaza kwa nguvu, achia papo hapo. Ya kushikilia yanajenga ustahimilivu wa kumaliza mbio. Ya haraka ndiyo yanayokuokoa kwenye chafya na mruko. Usiache hata moja kati ya haya mawili.

Wiki mbili za kwanza fanya ukiwa umelala, kisha ukiwa umekaa, kisha umesimama, maana hakuna anayekimbia akiwa amelala chali. Yafunge na jambo ambalo hulikosi. Kwa anayenyonyesha, kila mtoto akishika titi nawe ukakaza, tatu za siku zitatimia kabla jua halijazama.

## Hatua ya nne: kaza kabla, si baada

Nguvu bila kuwahi haisaidii. Msuli wenye nguvu unaokaza nusu sekunde baada ya kishindo umeshachelewa.

Mwaka 1998 watafiti wa Michigan waliwafundisha wanawake wenye kuvuja kidogo kitu kimoja tu: kukaza muda mfupi tu kabla ya kukohoa na kushikilia wakati wa kukohoa. Ndani ya wiki moja mkojo waliokuwa wakivuja ulipungua sana. Wiki moja haitoshi kujenga msuli. Kilichobadilika ni wakati wa kukaza.

Jifunze hivi. Umesimama, kaza, kisha kohoa kidogo. Achia. Rudia mara tano, na siku zinavyokwenda kohoa kwa nguvu zaidi. Halafu hamishia maishani: kaza kabla ya kumwinua mtoto kitandani, kabla ya kunyanyua ndoo, chafya inapokuja. Baada ya wiki kadhaa utajikuta umeshakaza bila kuwaza.

Kwenye mbio huwezi kukaza kila hatua kwa hiari, wala usijaribu. Utachoka na kuanza kuzuia pumzi. Huko unategemea misuli iliyozoea kuitikia yenyewe.

## Hatua ya tano: ingiza kwenye mazoezi mengine

Pumzi na misuli ya nyonga hupanda na kushuka pamoja. Ukivuta pumzi inashuka, ukiitoa inapanda. Kwa hiyo toa pumzi pale penye kazi: unapoinuka kutoka kuchuchumaa, unaposukuma uzito juu, unapojisukuma kutoka sakafuni. Anayezuia pumzi na kukaza tumbo kama ngoma anakisukuma kibofu chini kwa nguvu zote.

Kwa wiki za mwanzo chagua kuchuchumaa na kuinuka, kupandisha nyonga ukiwa umelala chali, kusimama kwa vidole vya miguu na kushuka, kupanda ngazi, kutembea haraka. Matako, mapaja na mashavu ya miguu yenye nguvu hupokea sehemu ya kishindo ambacho kingefika nyonga. Zoezi la kujiinua kutoka chali hadi kukaa liweke kando kama tumbo linatokeza mstari katikati ukijiinua. Misuli ya mbele bado haijakutana vizuri.

Mikanda ya kubana tumbo siipendi mazoezini. Kinachobanwa kiunoni hutafuta pa kwenda, na sehemu yake huenda chini.

## Hatua ya sita: kurudi kwenye mbio na kuruka

Mwaka 2019 wataalamu watatu wa Uingereza, Tom Goom, Gráinne Donnelly na Emma Brockwell, walitoa mwongozo wa kurudi kwenye mbio baada ya uzazi. Pendekezo lao ni kutokimbia kabla ya miezi mitatu, na hata hapo kwanza ujipime. Vingi kati ya vipimo vyao unaweza kuvifanya nyumbani, bila kuvuja, bila maumivu na bila kuhisi uzito ukeni:

- tembea dakika 30
- simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kila mguu
- chuchumaa kwa mguu mmoja mara 10, kila mguu
- kimbia papo hapo dakika 1
- ruka kwenda mbele mara 10
- rukaruka kwa mguu mmoja mara 10, kila mguu

Ukishindwa kimoja, umepata zoezi lako la wiki mbili zijazo.

Ukivipita, anza kwa dakika 1 ya mbio na dakika 2 za kutembea, mara tano, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Ongeza kitu kimoja kwa wakati: ama muda, ama kasi, ama mlima, kamwe si viwili pamoja. Hatua fupi za haraka hupunguza kishindo kuliko hatua ndefu. Teremko liache mwisho kabisa.

Kwa kuruka, rudi kwenye ile namba uliyoiandika. Kama ulivuja mruko wa ishirini, ruka kumi na mbili, simama, vuta pumzi, achia misuli yote, kisha ruka kumi na mbili tena. Wiki nzima ikipita ukiwa mkavu, ruka kumi na tano. Na weka kuruka mwanzoni mwa mazoezi, misuli ikiwa bado na nguvu. Mama wengi huvuja mwishoni kwa sababu misuli imechoka kama miguu ilivyochoka.

Ukivuja, au ukihisi uzito ama maumivu hadi kesho yake, rudi kiwango cha chini kwa wiki moja. Kuna wiki utarudi nyuma kwa sababu tu umelala vibaya au una kikohozi. Iandike, uendelee.

## Kibofu na choo

Usiache kunywa maji ili usivuje. Mkojo mzito hukiudhi kibofu na haja inakuja mara kwa mara zaidi, na anayenyonyesha anahitaji maji kuliko wengine. Kunywa kadiri ya kiu katika siku nzima, upunguze tu kugugumia maji mengi ndani ya saa moja kabla ya mazoezi. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu huwasumbua baadhi ya watu. Viache wiki mbili uone.

Kojoa mara moja kabla ya kuanza mazoezi. Lakini kukojoa "kwa akiba" kila unapopita choo hukizoesha kibofu kulalamika kikiwa na kidogo. Mara sita hadi nane kwa siku ni kiwango cha kutosha.

Choo kigumu kinabomoa ulichojenga. Kila ukijikamua unaivuta misuli ile ile chini. Ukikaa chooni inua miguu juu ya kigoda kidogo, magoti yapite nyonga, inama mbele, toa pumzi, usijikamue. Kama choo kigumu kinaendelea kwa wiki kadhaa, omba dawa ya kulainisha.

## Siku ya mazoezi, wakati bado hujakauka

Vaa pedi za mkojo, si za hedhi. Mkojo hutoka ghafla na kwa wingi, na pedi ya hedhi imetengenezwa kwa kitu kinachotoka polepole. Utabaki na unyevu na mchubuko. Suruali nyeusi huficha kuliko ya kijivu. Badilisha mara tu umalizapo.

Kuna pia pete laini ya silikoni inayowekwa ukeni na kuutegemeza mrija wa mkojo. Hupimwa na mtaalamu, huvaliwa wakati wa mazoezi kisha hutolewa. Wengine husaidika na tamponi wakati wa kukimbia tu, lakini si kabla ya wiki sita, wala kabla damu ya uzazi haijakatika. Hivi ni vya kukusindikiza wakati unajenga misuli, na sioni sababu ya kuvionea aibu.

Kama unanyonyesha na uke ni mkavu au unauma, mwambie daktari. Homoni ya estrojeni huwa chini kipindi hicho, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba, na wengine huvuja zaidi kwa sababu hiyo. Kuna krimu ya kupaka ndani inayosaidia, na mara nyingi hali hubadilika yenyewe hedhi inaporudi au mtoto anapoacha ziwa.

## Miezi mitatu imepita na bado

Kama umefanya kweli kwa miezi mitatu na daftari lako halionyeshi tofauti, hitaji lako ni mikono ya mtaalamu. Mtaalamu wa fiziotherapia atapima nguvu kwa kidole, ataona kama unasukuma badala ya kuinua, na anaweza kutumia kifaa kinachoonyesha msuli ukikaza au umeme mdogo wa kuuamsha. Upasuaji upo pia, wa kuutegemeza mrija wa mkojo kwa utepe au kwa kipande cha tishu yako mwenyewe, ila kwa kawaida hushauriwa mtu anapokuwa amemaliza kuzaa.

Ukifika, usiseme "nina tatizo kidogo huku chini." Sema: "Nilijifungua miezi saba iliyopita. Ninavuja mkojo nikikimbia zaidi ya dakika kumi. Nimekaza misuli mara tatu kwa siku kwa miezi mitatu. Naomba nipimwe misuli ya nyonga." Na umwonyeshe daftari.

Ukishakauka, punguza hadi mara moja kwa siku, usiache kabisa. Mimba nyingine ikija, rudi kukaza mara tatu kwa siku tangu miezi ya mwanzo, kabla tumbo halijawa zito.